Rebmann wa Rabai: Aliona theluji, hakuaminiwa, kisha akapoteza macho

MGENI anayefika Watamu huenda moja kwa moja baharini, na mwenye udadisi zaidi huzuru magofu ya Gede kabla ya kurejea hotelini. Ni wachache mno wanaofika upande wa pili wa kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, kwenye vilima vya Rabai vilivyo nyuma ya Mombasa. Huko ndiko alikoishi kwa karibu miaka 29 mtu aliyeufanya ulimwengu wa nje ubishane kuhusu mlima Kilimanjaro. Hakuwahi kuikanyaga theluji ya mlima huo. Aliiona tu kwa macho yake, na macho hayo ndiyo aliyokuja kunyimwa.

Johannes Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820, katika kijiji cha Gerlingen, eneo la Württemberg nchini Ujerumani, kwenye familia ya wakulima. Alisomea umishonari mjini Basel, Uswisi, kisha akajiunga na shirika la Kiingereza la Church Missionary Society, ambalo lilimtuma Afrika Mashariki. Alitia nanga Mombasa mnamo Juni 1846.

Mwenyeji wake alikuwa Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa ameingia Mombasa mwaka wa 1844 na kumzika huko mkewe na mtoto wao mchanga. Mnamo Agosti 1846 wawili hao, wakiwa wangali wadhaifu kwa homa, walipanda kwenda Rabai kwa idhini ya wazee wa Warabai na kuanzisha kituo chao. Mtu wa kwanza kuukubali ujumbe wao alikuwa kiwete aliyeitwa Mringe, na baada yake wafuasi walikuja mmoja mmoja, tena kwa nadra.

Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Alitaka vituo viunganishwe kutoka pwani ya mashariki hadi ile ya magharibi ya bara. Rebmann, aliyekuwa mpole na mwenye subira zaidi, ndiye aliyetangulia kuvuka nyika kavu iliyo nyuma ya pwani. Mnamo Oktoba 1847 alifika Kasigau, kwa Wataita. Aprili mwaka uliofuata akaazimia kwenda hadi Uchagga.

Kabla hajaondoka, mkuu wa ngome ya Mombasa alimwonya asiupande mlima wa huko. Ilisemekana kwamba ulijaa majini, na kwamba waliothubutu kuupanda waliuawa na pepo hao, mikono na miguu yao ikikakamaa, na hata baruti ikikataa kuwaka. Masimulizi hayo si ya kupuuzwa. Anayejua baridi ya mlimani ataitambua humo, ingawa aliyeyasimulia hakuwa amewahi kuiona barafu.

Rebmann aliondoka Rabai Aprili 27, 1848, akiwa na watu wachache waliochukua mizigo, na kiongozi wa msafara, Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Silaha yake ilikuwa mwavuli. Asubuhi ya Mei 11, baada ya wiki mbili za mwendo, milima ya Uchagga ilianza kujitokeza, na juu ya mmoja wao akaona weupe uliong'aa. Alipomuuliza kiongozi wake ni kitu gani hicho, Bwana Kheri hakuwa na jina la hakika. Alisema ni baridi tu. Rebmann, aliyelelewa katika nchi yenye kipupwe cha theluji, hakuhitaji zaidi.

Hapa inafaa kusema wazi kwamba Rebmann hakuuvumbua mlima ambao Wachagga walikuwa wakilima miteremko yake kwa karne nyingi, na ambao wafanyabiashara wa pwani waliutumia kama alama ya njia. Alichofanya ni kuandika tarehe, mahali na alichokiona, na kukituma Ulaya.

Alirudi Uchagga kabla ya mwaka huo kwisha, safari hii hadi Machame kwa Mangi Mamkinga. Huko alisimuliwa kisa kinachostahili kukumbukwa kila panapotajwa historia ya kuupanda mlima huo. Rungua, babake Mamkinga, aliwahi kutuma kundi kubwa la watu wapande kuchunguza kile kitu cheupe, akitumaini kwamba huenda ni fedha. Alirudi mtu mmoja tu. Mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi, na ndiye aliyeleta habari kwamba wenzake wote wameangamia kwa baridi na hofu. Basi mpanda mlima wa kwanza wa Kilimanjaro ambaye habari zake zimehifadhiwa alikuwa Mchagga, naye alishuka akiwa mlemavu.

Mnamo 1849 Rebmann alijaribu mara ya tatu, akikusudia kupita Uchagga na kuendelea hadi Unyamwezi. Mamkinga alimpokonya sehemu kubwa ya bidhaa zake kwa jina la zawadi. Bila bidhaa hapakuwa na njia ya kuendelea, na Rebmann aligeuka akiwa mgonjwa na mwenye masikitiko.

Taarifa yake ya theluji ilichapishwa London mwaka huo huo katika jarida la shirika lake. Badala ya pongezi, ilizua kejeli. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji haiwezi kudumu karibu hivyo na ikweta. Kwa maoni yake, mmishonari huyo alikuwa dhaifu wa kuchunguza na hodari wa kuwaza. Krapf naye aliiona theluji hiyo mwishoni mwa 1849 akielekea Ukambani, na Desemba 3 akiwa Kitui akauona mlima Kenya, uliokuwa na weupe kama huo. Cooley hakutikisika. Wataalamu wa Paris waliwatunukia wamishonari hao nishani, lakini huko London shaka iliendelea kwa miaka mingi.

Mnamo 1861 Mjerumani Karl Klaus von der Decken alifika mlimani pamoja na mwanajiolojia Mwingereza Richard Thornton, na wote wawili wakathibitisha kuwapo kwa theluji. Mwaka uliofuata von der Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Cooley alikejeli hata hilo.

Wakati huo Rebmann alikuwa Rabai, akifanya kazi isiyohitaji kuona mbali. Tangu miaka ya 1850 alikuwa akikusanya maneno ya Kiswahili, Kinyika na Kinyasa. Kinyasa alikipata kwa Salimini, mtu aliyetekwa utumwani kutoka upande wa ziwa Nyasa na kufikishwa pwani. Rebmann aliuliza, Salimini akajibu, neno baada ya neno, mwaka baada ya mwaka. Kutokana na mahojiano na wasafiri wa misafara, yeye na mwenzake Jakob Erhardt walitoa ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ramani hiyo ilikosea umbo, maana maziwa ni zaidi ya moja, lakini ndiyo iliyowachochea Waingereza kuwatuma Richard Burton na John Speke. Burton alimfuata Rebmann hadi Rabai mnamo Januari 1857 na kumtaka waandamane. Rebmann alikataa.

Mwaka huo Wamaasai walivamia maeneo ya Rabai na kituo kikaachwa. Rebmann akakimbilia Unguja. Alirudi baadaye na kuanza upya. Krapf alikwisha kurejea Ujerumani kwa sababu ya afya, na mwaka wa 1866 Rebmann alifiwa na mkewe, Emma, Mwingereza waliyeoana Misri mwaka wa 1851. Hakuondoka. Macho yake nayo yalikuwa yakififia.

Mtu hushindwa kuamua kama huo ulikuwa ushupavu au ukaidi. Pengine vyote viwili. Shirika lake lilikuwa limekaribia kumsahau, na wafuasi wake walihesabika kwa vidole. Lakini kamusi zake hazikuwa zimekamilika.

Uthibitisho wa mwisho ulitoka kwa jirani. Charles New, mmishonari wa Kimethodisti aliyeishi Ribe, mwendo mfupi kutoka Rabai, alikwenda Uchagga mwaka wa 1871 akiongozwa na Sadi bin Adi. Mnamo Agosti alipanda hadi akaigusa theluji yenyewe. Yaani ile theluji iliyoonwa na mtu wa Rabai iliguswa na mtu wa Ribe, na vijiji vyote viwili sasa vimo katika Kaunti ya Kilifi. Rebmann wakati huo alikuwa amebakiwa na mwanga mdogo sana machoni.

Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kuhusu biashara ya watumwa, alimkuta Rabai mwaka wa 1873 akiwa karibu kipofu, amezungukwa na karatasi zake. Ziara hiyo ilizaa makao ya watumwa walioachiwa huru ya Frere Town, karibu na Mombasa, mwaka wa 1875. Wenye nguvu mpya walipofika, Rebmann alikubali hatimaye kuondoka. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa wafuasi wa kwanza wa kituo hicho. Aliyeongozwa na Bwana Kheri kwenda na Nyondo kurudi, Rebmann hakuwahi kufika popote bila mtu wa pwani mbele yake.

Alihamia Korntal, karibu na alikozaliwa, na kukaa jirani na Krapf. Alioa tena, lakini Oktoba 4, 1876 akafariki akiwa na umri wa miaka 56. Mwaka huo Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapishwa. Kamusi ya Kinyasa, iliyohaririwa na Krapf, ilitoka 1877, na ile ya Kinyika mwaka wa 1887.

Mnamo 1969 kundi la vijana wasioona kutoka Afrika Mashariki lilipanda Kilimanjaro hadi kileleni, mita 5,895. Mojawapo ya barafu za upande wa kusini waliyoisikia tu ikipasuka chini ya jua, au hawakuisikia kabisa, huitwa Rebmann. Imekuwa ikipungua kwa miongo mingi, pamoja na barafu nyingine zote za mlima huo. Kule Rabai, kanisa la zamani limekuwa jumba la makumbusho, nalo lina jina la Krapf.