Carl Auer von Welsbach: mtu aliyebadili mwanga wa dukani

Mnunuzi wa vitenge anayetoka Goma au Bukavu kuja kuchukua mzigo katikati ya jiji la Kigali mara nyingi hamalizi bei akiwa ndani. Huchukua kitambaa, akatoka nacho mlangoni na kukitazama juani. Anajua kuwa taa za dukani zinaweza kumdanganya, zambarau ikaonekana bluu na nyekundu ikaonekana imefifia. Mzigo ukishavuka Rusizi, nani atamrudishia fedha yake?

Tatizo hilo halikuanzia Nyarugenge. Zaidi ya miaka 130 iliyopita lilifunga kiwanda cha mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach.

Auer alizaliwa Vienna tarehe 1 Septemba 1858. Baba yake, Alois, alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha uchapaji cha serikali. Kijana huyo alisoma Vienna, kisha akaenda Heidelberg nchini Ujerumani kwa mwalimu maarufu Robert Bunsen, na mwaka 1882 akapata shahada ya udaktari. Kazi yake ilikuwa kuchambua madini adimu, na katika kuyachoma kwenye moto wa gesi aliona kuwa baadhi yake hung'aa sana. Mwaka 1885 alipata hataza ya kifuko cha nyuzi za pamba kilicholowekwa katika chumvi za madini hayo. Kikichomwa, pamba huungua na kubaki majivu magumu yenye umbo lilelile, na majivu hayo ndiyo yanayotoa mwanga.

Mwaka 1887 alianzisha kiwanda Atzgersdorf, karibu na Vienna. Biashara ilikwama. Vifuko vilikuwa vyepesi kuvunjika, lakini kilichokera zaidi ni rangi: mwanga ulikuwa wa kijani. Chini ya mwanga kama huo uso wa mtu huonekana wa mgonjwa, na nyama ya leo huonekana ya juzi. Hakuna mwenye mkahawa wala duka anayetaka wateja wake waonane hivyo. Mwaka 1889 kiwanda kilifungwa.

Wengi wangehamia biashara nyingine. Yeye alirudi maabara, akabadilisha mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, hadi mwaka 1891 akapata asilimia 99 ya thoriamu na asilimia 1 ya seriamu. Asilimia hiyo moja ndiyo iliyomtajirisha. Mwanga ukawa mweupe na mkali, na gesi iliyotumika ikawa kidogo. Tarehe 4 Novemba 1891 taa hizo ziliwashwa nje ya mkahawa wa Opera mjini Vienna, na kwa muda mfupi zikaenea katika miji ya Ulaya. Wasafirishaji watapenda kujua kuwa udhaifu wa kifuko nao ulipatiwa dawa: kilichovywa katika kimiminika cha kolodioni, kikakauka na kuwa kigumu kiasi cha kuvumilia safari.

Huku kwetu kifuko hicho kilifika ndani ya taa ya mafuta ya presha, ile karabai. Pasipokuwa na umeme, duka lenye karabai lilionekana kutoka mbali, na jirani mwenye kibatari alilala mapema. Ziwani Kivu wavuvi wa sambaza nao waliitumia kuvutia samaki usiku.

Auer hakuishia kwenye gesi. Alitengeneza balbu ya umeme yenye waya wa osmiamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1902. Metali hiyo ilikuwa adimu na ghali, na punde wolfram ikachukua nafasi yake. Mwaka 1906 jina Osram lilisajiliwa Berlin, likiunganisha osmiamu na wolfram. Mwaka uliofuata Richard Kandt alianzisha Kigali. Leo wolfram inachimbwa Nyakabingo, kaskazini ya jiji hilo, na husafirishwa nje ya nchi. Jiwe la kiberiti cha gesi pia ni lake, la mwaka 1903.

Alifariki tarehe 4 Agosti 1929 katika kasri lake huko Carinthia, kusini mwa Austria.

Seriamu yake bado ipo dukani. Taa nyingi nyeupe za LED hutoa mwanga wa bluu, unaopita kwenye unga wa njano wenye seriamu ndipo ukawa mweupe. Unga ukiwa hafifu, rangi za bidhaa huharibika, na hapo ndipo mwenye vitenge anapoumia bila kujua. Wanaoagiza taa kutoka Dubai au Guangzhou hutazama wati na bei tu. Kuna namba mbili nyingine. Ya kelvini huonyesha rangi ya mwanga: 3000 ni wa joto, unaofaa mkate na mbao, 6500 ni mweupe wa baridi. Ya pili ni Ra, inayopima kama rangi zitaonekana kama zilivyo juani. Kwa nguo itafutwe 90, si 70. Katika katoni za bei ya chini sana, namba hiyo ya pili mara nyingi haikuandikwa.