Muhammad Ali Pasha: alitoa nguzo, akapewa saa

Nimewahi kuulizwa msikitini, kwa nini Mwislamu aumie kwa ajili ya mawe ya Firauni? Swali zuri, nami hulijibu kwa kisa cha Muhammad Ali Pasha.

Bwana huyu hakuwa Mmisri. Alizaliwa Kavala, mji ulioko Ugiriki ya leo, mwaka 1769. Alifika Misri mwaka 1801 na jeshi la Dola ya Uthmaniya lililokwenda kuwatoa Wafaransa, na kufikia 1805 alikuwa ndiye liwali wa nchi. Mwaka 1811 aliwaalika wakuu wa Mamluki ngomeni Cairo kwenye sherehe, wakauawa humo humo. Tusimtakase. Lakini ndiye pia aliyeweka mitambo ya uchapaji Bulaq, na mwaka 1826 akapeleka vijana kusoma Paris, Sheikh Rifa'a al-Tahtawi akiwa imamu wao.

Sasa hizo nguzo. Mbele ya hekalu la Luxor zilisimama mbili, pacha, kila moja jiwe moja tupu, kazi ya Ramesses wa Pili, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ndani ya hekalu hilo upo msikiti wa Abu al-Haggag. Yaani Waislamu wameswali hapo karne na karne, nguzo zikiwa nje, wasione haja ya kuzing'oa wala kuziuza. Qur'ani inatutaka tutembee tuone mwisho wa waliotutangulia. Tutauona wapi ikiwa ushahidi umehamishwa?

Pasha, akitafuta urafiki wa Ulaya, aliwapa Wafaransa zote mbili. Wakaanza na moja, ya mita kama 23 na tani zaidi ya 200, wakaja kuichukua kwa meli iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Oktoba 25, 1836 ikasimamishwa Paris, Place de la Concorde, uwanja walipomkata kichwa mfalme wao mwaka 1793. Na hao marafiki walikuwa wameshaivamia Algeria tangu 1830! Hapo ndipo panaponiuma zaidi.

La ajabu, mwaka 1835 Pasha huyo huyo alipiga marufuku kutoa vitu vya kale nje ya Misri. Nguzo ilikuwa imeshafika Paris.

Naye alizawadiwa saa kubwa ya mnara, ikawekwa kwenye ua wa msikiti wake pale ngomeni. Kwa miaka mingi ilikuwa imesimama tu, haisemi saa ngapi. Alifariki mwaka 1849, akazikwa katika msikiti huo. Nguzo ya pili iko Luxor hadi leo. Ufaransa iliachia rasmi dai lake mwaka 1981.