Beijerinck, aliyefuga bakteria wa kunde

MARTINUS Beijerinck alizaliwa jijini Amsterdam, Uholanzi, mnamo 1851, mwana wa mfanyabiashara wa tumbaku aliyefilisika. Hakuoa maishani, na wanafunzi wake aliwakaripia bila huruma. Viumbe wasioonekana kwa macho ndio walioonja subira yake.

Mnamo 1888, akiwa mwajiriwa wa kiwanda cha hamira mjini Delft, aliwatoa bakteria kwenye vinundu vya mizizi ya mimea jamii ya kunde, wale wanaoipatia naitrojeni ya hewani, akawakuza peke yao juu ya gelatini iliyotiwa maji ya majani ya njegere.

Kuwafikisha shambani wakiwa hai kulikuwa kibarua kingine. Mnamo 1896, Wajerumani Nobbe na Hiltner walianza kuwauza chupani kwa jina Nitragin. Joto, mwanga na ukavu viliwaua wengi, na wakulima si haba wakaambulia patupu. Baadaye walihifadhiwa katika mboji ya kinamasi, iliyosagwa na kuachwa na unyevu. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikatumia matope ya viwanda vya sukari kuundia Biofix.

Beijerinck, profesa mjini Delft tangu 1895, alistaafu 1921 na kuhamia kijiji cha Gorssel, alikofariki Januari 1, 1931.