Augustin Fresnel: Mhandisi wa Barabara Aliyeuelewa Mwanga

Mchimbaji wa hapa Katoro anapompigia simu mkewe aliyebaki kijijini, mara nyingi sauti yake husafiri sehemu ya njia ikiwa mwanga, ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Mmoja wa waliotufundisha tabia ya mwanga huo ni Augustin-Jean Fresnel.

Alizaliwa Broglie, Ufaransa, tarehe 10 Mei 1788. Wazazi wake walimlea kwa sala na kwa ukali wa Wajansenisti, mkondo ambao Kanisa liliukataa. Alikuwa na mwili dhaifu, na hata alipofikia miaka 8 alisoma kwa shida. Hata hivyo alisomea uhandisi Paris, akapewa kazi ya kujenga barabara mikoani.

Mwaka 1815 alijitokeza kumpinga Napoleon, akasimamishwa kazi. Akaenda kwa mama yake katika kijiji cha Mathieu. Huko, bila maabara, alichunguza vivuli akitumia tone la asali badala ya lenzi, na vifaa alivyoundiwa na fundi wa kufuli. Mwaka 1819 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimpa tuzo kwa kazi yake ya kuonyesha kwamba mwanga ni wimbi.

Mwaka 1821 alieleza kwamba wimbi hilo hutetema kwa kukingama na njia yake. Fikiria kamba iliyovutwa: unaweza kuitikisa juu na chini, kushoto na kulia, au kuizungusha. Namna hiyo ya kutetema ndiyo polarizesheni. Mwaka uliofuata alionyesha kuwa kioo kilichobanwa huugawa mwanga katika mitetemo miwili yenye mwendo tofauti.

Jambo hilo linawahusu mafundi wa leo. Uzi wa kioo ukikunjwa, ukibanwa au ukipata joto, polarizesheni hubadilika, na vifaa vinavyoitegemea hukosea. Basi fundi hukunja sehemu ya uzi katika vitanzi vitatu, akavigeuza kimoja kimoja mpaka mtetemo urudi anapoutaka. Mkunjo uliokuwa kasoro huwa dawa.

Fresnel aliugua kifua kikuu, ugonjwa ambao familia nyingi za wachimbaji wetu zinaujua. Nguvu zilipopungua, aliacha sehemu kubwa ya utafiti uliompa sifa, akayatunza masaa yake kwa ajili ya minara ya taa ya pwani. Lenzi aliyoibuni ilikuwa imewashwa katika mnara wa Cordouan mwaka 1823, ili mabaharia waone njia usiku. Alifariki Ville-d'Avray tarehe 14 Julai 1827, akiwa na miaka 39.

Ndugu mseminari unayesoma polepole, nawe mgonjwa unayehesabu siku zako, mtazameni. Alipobakiwa na nguvu kidogo, alijiuliza ni nani anayezihitaji zaidi, akampa huyo. Swali hilo ni letu pia.