Mjue Hoyt Wilhelm, Msee wa Besiboli Aliyeomoka Akitokea Benchi

Kama kocha wako hukuweka benchi kila wikendi na umeanza kukasirika, hebu cheki hii stori.

Besiboli iko hivi. Kuna mrushaji wa kuanza mechi, huyo ndiye hupata sifa. Halafu kuna wa akiba, anaitwa mwenzake akichoka ama mambo yakiwa moto. Enzi za Hoyt Wilhelm, kuwekwa akiba ilikuwa ni kama kuambiwa bado hujaiva.

Jamaa alizaliwa 1922 North Carolina, Marekani. Akiwa sekondari, aliona gazetini picha za vile mrushaji Dutch Leonard hushika mpira kwa ncha za vidole. Akajifunza hiyo mbinu. Mpira wa hivyo huenda polepole, hauzunguki, unayumba tu hewani hadi mpigaji anachanganyikiwa.

Vita Kuu ya Pili ikamchukua, akajeruhiwa Ulaya. Aliporudi, alihangaika ligi ndogo miaka kadhaa, na huko alikuwa anaanza mechi. New York Giants wakimpandisha 1952, tayari ana miaka 29. Kocha Leo Durocher akaamua huyu ni wa akiba.

Unadhani alinuna? Zii. Msimu huo aliingia mechi 71 bila kuanza hata moja, akashinda 15 na kupoteza 3 tu. Wastani wake wa pointi alizofungwa, 2.43, ulikuwa bora zaidi ligi yote ya National. Siri ni kuwa mrusho wake haukuchosha mkono, so angeitwa leo na kesho tena.

Mwaka wa 1958 akaishia Baltimore Orioles, na kocha Paul Richards akampa nafasi ya kuanza. Septemba 20, Yankees walipigwa 1-0 bila kupata pigo safi hata moja. Mwaka uliofuata wastani wake, 2.19, ukawa bora ligi ya American. Manze, huyu aliweza kazi zote mbili!

Bado alirudishwa akiba, na huko ndiko alidumu. Alistaafu 1972 akikaribia miaka 50, akiwa amecheza mechi 1,070. Mwaka wa 1985 akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kuingia Jumba la Magwiji. Aliaga 2002.

So wewe wa benchi, ukiitwa dakika za mwisho usiingie umenuna. Wilhelm aliitwa hivyo miaka 21, na jina lake liko pale juu.