Justin Smith Morrill (1810–1898): Mtunga Sheria, Ardhi na Elimu ya Juu nchini Marekani

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa watunga sheria walioketi muda mrefu katika Kongresi ya Marekani katika karne ya 19, Justin Smith Morrill ni mmoja ambaye jina lake hutajwa zaidi vyuoni kuliko katika historia za siasa. Aliingia katika Baraza la Wawakilishi Machi 1855, akahamia Seneti Machi 1867, na hakutoka humo hadi mauti yalipomkuta Desemba 1898. Yaani karibu miaka 44 mfululizo. Hakuwa msemaji wa kutikisa ukumbi, wala hakuwania urais. Alikuwa mtu wa kamati, wa hesabu, na wa kuurejesha mswada uleule kila ulipokataliwa. Mtu huyu ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la chuo kama mwanafunzi ndiye aliyeifanya elimu ya juu iwe jambo la wana wa wakulima na mafundi katika nchi yake.

Maelezo mengi ya maisha yake yameandikwa na vyuo vilivyonufaika na kazi yake, na aghalabu ni ya sifa tupu. Yapo mambo mawili ambayo sifa hizo huyapitia juu juu, nayo ni asili ya ardhi iliyouzwa ili kuvianzisha vyuo hivyo, na hali ya raia weusi ambao sheria yake ya pili iliwafungulia mlango mmoja na kuwafungia mwingine. Simulizi la maisha ya Morrill lisiloyagusa haya ni nusu ya simulizi.

2.0 Mwana wa mhunzi

Morrill alizaliwa tarehe 14 Aprili 1810 katika kijiji cha Strafford, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Babake, Nathaniel Morrill, alikuwa mhunzi. Kijana alisoma shule ya kijijini, kisha kwa muda mfupi katika shule za Thetford na Randolph. Alipofika umri wa miaka 15 hivi masomo yakakoma, kwani familia haikuwa na uwezo wa kumpeleka chuoni. Akawa karani wa duka. Alikwenda Portland, katika jimbo la Maine, akajifunza biashara huko, kisha akarudi Strafford na kushirikiana na mfanyabiashara mzee, Jedediah Harris.

Biashara ilimnyookea. Mwaka 1848, akiwa na umri wa miaka 38 tu, alikuwa na mali ya kumtosha kuachana na dukani. Alijijengea nyumba kijijini, akalima bustani, akakusanya vitabu na kuvisoma kwa bidii ya mtu anayelipa deni. Mwaka 1851 alimwoa Ruth Barrell Swan, mwalimu kutoka Massachusetts. Huenda angeishia hapo, tajiri mdogo wa kijijini mwenye maktaba nzuri, kama mwaka 1854 chama cha Whig kisingemsimamisha kugombea ubunge. Alishinda kwa kura 59 tu. Chama hicho kilikuwa kikivunjika wakati huo kwa sababu ya suala la utumwa, na Morrill, aliyepinga kuenea kwa utumwa katika maeneo mapya ya magharibi, akawa miongoni mwa waliokijenga chama kipya cha Republican huko Vermont.

3.0 Mswada uliokataliwa na uliopita

Desemba 1857 Morrill aliwasilisha mswada ulioonekana kuwa mdogo. Serikali kuu igawe ardhi yake kwa majimbo, ekari 20,000 kwa kila mbunge na kila seneta wa jimbo. Jimbo liiuze ardhi hiyo, liwekeze fedha, na faida yake pekee itumike kuendesha angalau chuo kimoja cha kufundisha kilimo na ufundi wa mitambo. Hoja zake zilikuwa za mtu aliyeishi shambani: udongo wa majimbo ya mashariki ulikuwa umechoka, mavuno yalikuwa yakipungua, vijana walikuwa wakihama, na hapakuwa na mahali ambapo mkulima angefundishwa kwa nini.

Wazo lenyewe halikuwa lake peke yake. Huko Illinois, Jonathan Baldwin Turner alikuwa amekwisha kudai vyuo vya wafanyakazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1850, na mjadala kuhusu nani hasa ni mwasisi umewahi kuchukua kurasa nyingi kuliko unavyostahili. Lililo dhahiri ni kwamba Turner alikuwa na wazo na Morrill alikuwa na kiti Bungeni, na mambo haya mawili hayabadilishani nafasi kwa urahisi.

Mswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1858 kwa kura 105 dhidi ya 100, na katika Seneti Februari 1859 kwa kura 25 dhidi ya 22. Wajumbe wa Kusini waliupinga kwa hoja kwamba Katiba haikuipa serikali kuu mamlaka juu ya elimu ya majimbo. Nyuma ya hoja hiyo ilikuwapo hofu kwamba serikali yenye uwezo wa kuingilia elimu ingeweza pia kuingilia utumwa. Wajumbe wa Magharibi nao walihofu kuwa ardhi ya majimbo yao ingeangukia mikononi mwa walanguzi wa Mashariki. Rais James Buchanan aliutumia uwezo wake wa kukataa, na mswada ukafa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilibadili hesabu. Wajumbe wa majimbo yaliyojitenga walikuwa wamekwisha kuondoka. Morrill alirudi na mswada uleule, safari hii ukiwa na ekari 30,000 kwa kila mjumbe na kifungu cha mafunzo ya kijeshi. Kamati ya ardhi ya Baraza la Wawakilishi iliupendekezea kifo, lakini seneta Benjamin Wade wa Ohio aliupitisha kwa mlango wa Seneti, na Rais Abraham Lincoln akautia saini tarehe 2 Julai 1862.

Muundo wa sentensi kuu ya sheria hiyo unastahili kutazamwa na mtu wa lugha. Kitenzi chake kikuu kinaamrisha kufundisha masomo yahusianayo na kilimo na ufundi. Lakini kabla ya kukifikia kitenzi hicho, msomaji hupitishwa kwanza katika kishazi kanushi kinachosema kuwa sayansi nyingine na masomo ya kale ya Kigiriki na Kilatini hayatengwi. Tena, lengo linapotajwa mwishoni, elimu pana na elimu ya vitendo zimefungwa pamoja kwa kiunganishi kimoja. Wengi baadaye waliisoma sheria kama kwamba inahusu mashamba tu. Morrill mwenyewe hakukubali usomaji huo. Jumuiya za wakulima wa Vermont zilipodai, hasa karibu na mwaka 1890, kwamba chuo cha kilimo kitenganishwe na Chuo Kikuu cha Vermont, ambako Morrill alikuwa mdhamini tangu 1865, yeye alikuwa upande wa kuunganisha. Hakutaka mtoto wa mkulima apewe elimu iliyokatwa kwa kipimo cha jembe.

4.0 Ardhi ya nani

Majimbo ya Mashariki hayakuwa na ardhi ya serikali kuu ndani ya mipaka yake. Yalipewa hati za kudai ardhi mahali pengine, na kwa kuwa sheria haikuyaruhusu kumiliki ardhi katika jimbo jingine, yalilazimika kuziuza hati hizo kwa watu binafsi. Hati zikamiminika sokoni kwa wingi, bei ikaanguka. Bei rasmi ya ardhi ya serikali ilikuwa dola 1.25 kwa ekari. Rhode Island iliuza hati zake za ekari 120,000 kwa dola 50,000 tu. New York, iliyopata ekari 990,000, ilikuwa na bahati ya kuwa na Ezra Cornell, ambaye alinunua hati nyingi, akachagua misitu ya misonobari ya Wisconsin, na kungoja bei ipande kwa manufaa ya chuo kinachobeba jina lake.

Misitu hiyo ilikuwa nchi ya Waojibwe, waliokuwa wameiachia kwa mikataba ya miaka ya 1837 na 1842. Huko California, ambako hati nyingi pia zilitumika, hali ilikuwa mbaya zaidi: mikataba 18 iliyofanywa na wenyeji mwaka 1851 na 1852 ilikataliwa na Seneti, hivyo ardhi ikachukuliwa bila hata mkataba uliothibitishwa. Uchunguzi wa Robert Lee na Tristan Ahtone, uliochapishwa mwaka 2020, ulifuatilia karibu ekari milioni 10.7 zilizogawiwa chini ya sheria ya 1862 na kuonyesha kuwa zilitoka kwa karibu makabila 250, na kwamba serikali ilikuwa imelipa chini ya dola 400,000 kwa ardhi hiyo yote.

Katika hoja za Morrill ardhi hiyo ni hazina ya pamoja ya taifa, kana kwamba ilikuwa tupu tangu awali. Katika hili hakutofautiana na wenzake. Hata wapinzani wake walioukataa mswada kwa sababu ya ardhi waligombea mgawo wake tu, wala si asili yake. Ni kweli kwamba sheria ya 1862 yenyewe haikuwanyang'anya wenyeji. Wengi walikuwa wamekwisha kunyang'anywa. Ilichofanya ni kuigeuza mali hiyo kuwa mtaji wa kudumu, kwani mtaji wenyewe ulikatazwa kuguswa.

5.0 Sheria ya 1890

Fedha za mauzo ya ardhi hazikutosha, na kuanzia 1872 Morrill alianza kudai ruzuku ya kila mwaka kutoka serikali kuu. Alishindwa mara nyingi. Hatimaye Rais Benjamin Harrison alitia saini sheria ya pili tarehe 30 Agosti 1890: kila jimbo lingepata dola 15,000, zikiongezeka kwa 1,000 kila mwaka hadi kufikia 25,000. Orodha ya masomo yaliyoruhusiwa iliitaja lugha ya Kiingereza bayana, pamoja na hisabati na sayansi.

Kufikia wakati huo majimbo yaliyojitenga yalikuwa yamekwisha kurejea katika muungano na kupata migawo yao ya ardhi. Baadhi yalikigawia chuo cha watu weusi sehemu, kama Mississippi ilivyofanya kwa Alcorn mwaka 1871, na Virginia iliyoipa Hampton theluthi moja mwaka 1872. Mengi hayakutoa kitu. Sheria ya 1890 ilianza kwa katazo kamili: fedha zisiende kwa chuo chochote kinachobagua wanafunzi kwa rangi. Lakini katazo hilo lilifuatwa mara moja na sharti la ziada, kwamba jimbo lenye vyuo tofauti kwa weupe na weusi litahesabiwa kuwa limetii iwapo fedha zitagawanywa kwa haki. Kishazi kikuu kilikataza ubaguzi, na kishazi tegemezi kikautengea mahali pa kukaa. Miaka sita baadaye Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Plessy, iliuhalalisha utengano kwa hoja ya namna ileile.

Je, Morrill alikuwa na njia nyingine? Kukataa sharti hilo pengine kungeua mswada. Kulikubali kulileta vyuo vya watu weusi katika majimbo ya Kusini ambako vingine havingekuwapo. Vinavyohesabiwa katika kundi hilo leo ni 19. Hata hivyo neno la haki katika sheria halikuwa na kipimo, na majimbo yalilitumia pengo hilo. Mwaka 2023 serikali kuu iliwaandikia magavana wa majimbo 16 ikieleza kuwa vyuo hivyo vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miongo mitatu tu.

Kuna uzi mwembamba unaounganisha habari hii na Afrika ya Mashariki. Hampton, iliyolelewa kwa fedha hizo, ilisisitiza kazi za mikono kwa mwanafunzi mweusi, na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha huko, ndiye aliyeongoza Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar mwaka 1924 na kupendekeza elimu ya aina hiyo kwa Waafrika. Kile kishazi cha 1862 kilichokataa kutenga masomo mengine hakikusafiri pamoja na jembe.

6.0 Miaka ya mwisho

Katika mambo mengine Morrill alikuwa mhafidhina. Sheria ya ushuru wa forodha ya 1861, iliyolinda viwanda vya Kaskazini, inabeba jina lake, na pia sheria ya 1862 iliyokusudiwa kuzuia ndoa za wake wengi miongoni mwa Wamormoni wa Utah. Alipinga noti zisizo na dhahabu nyuma yake hata wakati wa vita. Aliongoza Kamati ya Fedha ya Seneti kwa vipindi vitatu. Wazo la kuugeuza ukumbi wa zamani wa Baraza la Wawakilishi kuwa ukumbi wa sanamu za majimbo, mwaka 1864, lilikuwa lake, na alipigania kwa miaka mingi jengo la Maktaba ya Kongresi lililofunguliwa mwaka 1897.

Mwaka 1898 chama chake kilipoelekea kujitwalia visiwa vya mbali, yeye, akiwa na miaka 88, alipinga kutwaliwa kwa Hawaii. Mkewe alifariki mwaka huohuo. Morrill alifariki Washington tarehe 28 Desemba, akiwa bado mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, akazikwa Strafford. Nyumba aliyoijenga huko kabla ya kuingia siasa imehifadhiwa na jimbo la Vermont kama mahali pa kumbukumbu.