Guttmann: Daktari aliyewatoa wagonjwa kitandani, akawaingiza uwanjani

PARALIMPIKI ya leo ina medali, bendera na viwanja vilivyojaa. Ilianzia wodini, kwa daktari mmoja mkali aliyegoma kuona wagonjwa wake wanafia kitandani.

Ludwig Guttmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1899. Mwaka 1917, akijitolea hospitalini, alimwona mchimba makaa kijana aliyevunjika mgongo akiachwa tu bila tumaini. Wiki chache baadaye jamaa akafa. Guttmann hakumsahau.

Akaja kuwa bingwa wa mishipa ya fahamu, lakini alikuwa Myahudi, na Wanazi walimbana mpaka mwaka 1939 akakimbilia Uingereza na familia yake. Taasisi iliyosaidia wanazuoni wakimbizi ilimpa pauni 250 za kuanzia maisha Oxford, akarudi kwenye utafiti. Hela si nyingi, ila matunda yake si mchezo.

Februari 1944 alikabidhiwa kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo, hospitali ya Stoke Mandeville. Enzi hizo aliyepooza miguu alihesabiwa marehemu mtarajiwa. Wengi waliponea risasi, wakaja kuuawa na vidonda vya kulala na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na usiku mwenyewe alipita kukagua.

Kisha akaingiza michezo kwenye matibabu. Walianza na polo ya viti vya magurudumu, lakini rafu zilizidi, ikapigwa chini. Ikaja netiboli, baadaye kikapu. Kuvuta upinde nako kulijenga mabega na mikono, na hapo ndipo penye nguvu zote za mtu anayesukuma kiti chake mwenyewe.

Julai 29, 1948, Olimpiki ikifunguliwa Wembley, Guttmann naye alifungua mashindano ya upinde hospitalini kwake. Washiriki walikuwa 16 tu: wanaume 14, wanawake wawili. Mwaka 1952 Waholanzi wakaja, yakawa ya kimataifa. Roma 1960 walifika wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, na mwaka 1972 Kenya ikajitosa kule Heidelberg.

Guttmann alifariki Machi 1980, akiwa na miaka 80. Watu wa aina ileile waliokuwa wakisubiriwa kufa, sasa walikuwa wanakwenda kazini, wanalea familia, na jioni wanagombea mpira.